Mchi wa Ng'ambo ya Bonde: Jinsi Neva Zinavyopimwa kwa Kuitwa Ziitike

Mwaka 1993 jarida moja la kitabibu la Uingereza lilichapisha habari za wagonjwa wawili kutoka Zaire, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Walikuwa na konzo, ugonjwa unaokakamaza miguu ghafla na kuiacha hivyo kwa maisha yote. Neno lenyewe, katika lugha ya Wayaka, linataja miguu iliyofungwa. Walipelekwa Sweden, wakalazwa ndani ya mashine ya MRI, na picha za ubongo na uti wa mgongo zikatoka safi. Hakuna uvimbe, hakuna kovu, hakuna mahali pa kunyooshea kidole. Kisha wapimaji wakaweka koili ya sumaku, yaani waya uliozungushwa, juu ya fuvu na kupiga mapigo mafupi, yale ambayo kwa mtu mwenye afya hufanya kidole kiruke bila yeye kutaka. Misuli haikujibu. Haikujibu hata kwa yule ambaye dalili zake zilikuwa za wastani tu.

Picha na mapigo yaliuliza maswali mawili tofauti. Picha huuliza kama njia ipo. Simama chini ya nguzo za umeme usiku: nguzo zimesimama wima, nyaya zimekaa sawa, na bado mtaa mzima uko gizani. Kwa kutazama tu hutajua umeme umekatikia wapi. Itakubidi utume kitu kutoka upande mmoja, usubiri upande wa pili, tena ukiwa na saa mkononi.

Hiyo ndiyo kazi ya kundi la vipimo ninalotaka kulieleza. Jina lake kwa Kiswahili halijatulia, kwa hiyo nitaviita vipimo vya miitiko, maana kinachopimwa ni namna neva (mishipa ya fahamu) na ubongo vinavyoitika vikiitwa. Wito unaweza kuwa mwanga, mlio sikioni, au mguso wa umeme kwenye kifundo cha mkono. Mwitiko ni wimbi dogo la umeme linalookotwa juu ya ngozi kwa vidude vya chuma viitwavyo elektrodi.

Na neno "dogo" hapa si la kupamba sentensi. Betri ya tochi ina volti 1.5. Mawimbi ya kawaida ya ubongo, yakipimwa juu ya ngozi ya kichwa, ni makumi ya mikrovolti, na mikrovolti ni sehemu moja ya milioni ya volti. Mwitiko wa shina la ubongo kwa mlio mmoja wa sikioni haufiki hata mikrovolti moja. Yaani tunachokitafuta kimezama ndani ya kelele za ubongo wenyewe, ambao haunyamazi hata mtu akilala, na juu yake kuna umeme wa misuli ya taya, wa kope, wa moyo, na wa nyaya zilizopita ukutani.

Ng'ambo ya bonde kuna mama anatwanga. Unamwona: mchi unapanda, mchi unashuka. Mlio wa kinu haukufikii mchi unapotua. Unachelewa kidogo, na kwa kuwa sauti hewani huenda takriban mita 340 kwa sekunde, kuchelewa huko kunakupa umbali. Sasa upepo unavuma, mbuzi wanalia, redio ya jirani iko juu. Pigo moja hulisikii. Lakini jicho lako linajua hasa mchi umetua lini, kwa hiyo kila mara unatega sikio kwa muda uleule baada ya pigo. Baada ya mapigo hamsini unaanza kuiokota ile "du" iliyojificha. Yenyewe inarudi palepale kila mara, ilhali mbuzi hafuati ratiba ya kinu.

Kompyuta ya maabara hufanya hivyohivyo. Inatoa kichocheo, inarekodi sehemu fupi ya sekunde inayofuata, inaiweka kando. Inatoa kingine, inarekodi, inaweka juu ya ile ya kwanza. Ikishapata mamia ya vipande inachukua wastani. Penye kelele, mara thamani iko juu na mara iko chini, zinafutana. Penye mwitiko, thamani iko upande uleule kila mara, nayo inabaki.

Wazo hili lilikuja kwa kuchelewa, ukizingatia kwamba umeme wa ubongo ulijulikana zamani. Mwaka 1875 Richard Caton, daktari wa Liverpool, aliripoti mikondo ya umeme kwenye ubongo uliofunuliwa wa sungura na nyani, na kwamba mikondo hiyo ilibadilika mnyama alipoangaziwa mwanga jichoni. Hans Berger wa Jena, Ujerumani, alirekodi mawimbi ya ubongo wa binadamu mwaka 1924 na kuyachapisha 1929. Hiyo ndiyo EEG tunayoijua hospitalini. Lakini mwitiko mmoja wa wito mmoja kwa mtu mzima wa afya ulibaki umefichika, isipokuwa pale ulipokuwa mkubwa kupita kawaida. George Dawson, wa hospitali ya magonjwa ya neva ya Queen Square jijini London, alikutana na hali hiyo mwaka 1947: mgonjwa mwenye kifafa cha kushtukashtuka ambaye mguso wa umeme mkononi ulizusha mawimbi makubwa kichwani. Dawson akajiuliza kama watu wengine nao wanayo, ila madogo. Akaanza kupiga picha za mistari mingi ya skrini juu ya kipande kimoja cha filamu, mmoja juu ya mwingine, na penye mwitiko mistari ikakusanyika kama njia iliyokanyagwa na wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaunda mashine ya kujumlisha: swichi inayozunguka na msururu wa kapasita, kila moja ikilimbikiza chaji ya kipande chake cha wakati. Kompyuta haikuwemo. Ni akiba ya umeme kwenye vikopo, pigo kwa pigo.

Ungedhani haba na haba hujaza kibaba, na basi. Shida ni kwamba kelele nayo inajaza kibaba hichohicho, ila polepole zaidi. Hesabu yake ni hii: katika wastani, kelele hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya marudio. Marudio 100 yanapunguza kelele mara 10. Ukitaka ipungue mara 20 huhitaji 200 bali 400. Tuseme kelele ni mikrovolti 10 na mwitiko ni 0.3. Baada ya marudio 2,000 kelele imeshuka hadi kama 0.22, na wimbi ndiyo kwanza linachungulia. Ndiyo maana mgonjwa anayeuliza "bado tu?" hupewa jibu lilelile, bado kidogo, na ndiyo maana mpimaji mzuri hutumia nguvu nyingi kumtuliza mgonjwa alegeze taya na shingo kuliko kuongeza marudio. Kelele iliyozuiwa mlangoni ni nafuu kuliko iliyofukuzwa kwa hesabu.

Kuna mtego mmoja ninaoupenda kwa ujanja wake. Umeme wa ukutani kwetu ni wa 50 hezi, yaani hupanda na kushuka mara moja kila milisekunde 20. Ukipiga kichocheo mara 5 kwa sekunde, kila pigo linakuja baada ya milisekunde 200 kamili, ambazo ni mizunguko 10 kamili ya umeme wa ukutani. Basi kelele ya ukutani inakuja kila mara ikiwa mkao uleule, inajihesabu kuwa mwitiko, na wastani unailea badala ya kuifuta. Mbuzi sasa anafuata ratiba ya kinu. Dawa yake ni kupiga kwa mwendo usiolingana na umeme huo: mara 4.7 kwa sekunde, au 3.1, au 11.1. Ukiona namba za ajabu hivyo kwenye karatasi ya majibu, usidhani mashine imeharibika.

Mwitiko ukishapatikana, swali kubwa ni muda. Mwaka 1850 Hermann von Helmholtz, akiwa Königsberg, alipima mwendo wa ujumbe katika neva ya chura akapata kama mita 27 kwa sekunde, na watu walishangaa kwamba ni polepole hivyo. Mwalimu wake, Johannes Müller, alikuwa ameamini kwamba mwendo huo hautapimika kamwe. Neva kubwa za binadamu, zilizovikwa ganda la mafuta liitwalo mailini, huenda mita 50 hadi 60 kwa sekunde. Kutoka kifundo cha mkono hadi juu ya kichwa ni kama mita moja. Gawa: milisekunde 20. Na kweli, ukiigusa kwa umeme neva ya kati ya mkono mpaka kidole gumba kitikisike, wimbi linatokea upande wa pili wa kichwa baada ya milisekunde 20 hivi. Linaitwa N20: N kwa kuwa ni hasi, 20 kwa muda wake. (Usishangae pia ukiona grafu ambayo hasi imechorwa juu. Ni desturi ya fani hii, na kila mwanafunzi huilaani wiki ya kwanza.) Njiani elektrodi nyingine hulikamata wimbi hilohilo likipita, juu ya mtulinga kwenye milisekunde 9 na shingoni kwenye 13. Ni kama kuwa na makarani katika vituo vya basi: gari likichelewa, unajua limechelewea kati ya kituo gani na gani.

Jicho lina hadithi yake. Mtu huketi mbele ya skrini yenye miraba myeusi na myeupe kama ubao wa drafti. Miraba inabadilishana rangi, kama mara mbili kwa sekunde, jicho moja likiwa limefunikwa. Elektrodi iko kisogoni, maana huko ndiko ubongo unakoonea. Wimbi kuu huja karibu na milisekunde 100, nalo huitwa P100, P kwa kuwa ni chanya. Mwaka 1972, palepale Queen Square, Halliday, McDonald na Mushin walionyesha kwamba kwa watu waliopata uvimbe wa neva ya jicho wimbi hili huchelewa sana. Kilichowasisimua madaktari ni kilichofuata: mgonjwa anapona, anasoma herufi ndogo ukutani kama zamani, na wimbi bado limechelewa, miezi na miaka baadaye. Mailini iliyobanduka hairudi ilivyokuwa. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba hata wagonjwa wa maltipo sklerosisi, ugonjwa ambamo kinga ya mwili hushambulia mailini, wanaweza kuwa na wimbi lililochelewa bila kuwahi kulalamikia macho. Neva ilikuwa na kumbukumbu ambayo mwenyewe hana. MRI ilipokuja ilichukua sehemu kubwa ya kazi hii ya kutambua ugonjwa, na kusema kweli huku karibu na ikweta ugonjwa huo si wa kila siku kama ulivyo kaskazini mwa Ulaya.

Kipimo ambacho ningependa kukiona kila wodi ya wazazi ni cha masikio. Mtoto mchanga hawezi kuinua mkono aseme "nimesikia". Basi unasubiri anyonye alale, unamwekea elektrodi tatu au nne, unampigia sikioni milio mifupi ya "tik, tik, tik" kwa maelfu, na ndani ya milisekunde 10 za mwanzo baada ya kila mlio shina la ubongo wake linaandika mawimbi madogo mfululizo. Don Jewett na wenzake huko Marekani waliyaeleza mwaka 1970 na 1971, na yakapewa namba za Kirumi. La kwanza, kwenye milisekunde moja na nusu hadi mbili, ni la neva ya sikio yenyewe. La tano, karibu na ya sita, ndilo kubwa na ndilo linaloangaliwa zaidi. Punguza mlio hatua kwa hatua: pale la tano linapotoweka, hapo ndipo ukingo wa usikivu wa mtoto ulipo, kwa makadirio. Usingizi hauyaharibu, kinyume chake, mtoto aliyelala ndiye mteja bora, maana misuli yake imenyamaza. Mtoto anayegunduliwa akiwa na wiki chache anaweza kupata kifaa cha kusikia au lugha ya alama wakati ubongo wake bado unajenga lugha. Anayegunduliwa na bibi yake akiwa na miaka mitatu, kwa kuwa "huyu mtoto ni mkaidi, ukimwita haitiki", ameshapoteza muda huo.

Chumba cha wagonjwa mahututi ni mahali pagumu zaidi. Mtu moyo ulisimama, ukarudishwa, na siku zinapita hajaamka. Ndugu wanauliza. Mpimaji anagusa neva ya mkono wa kulia, kisha wa kushoto, na kutafuta N20. Kama ujumbe umeonekana shingoni lakini juu ya ubongo hakuna kitu, pande zote mbili, ni moja ya dalili za kuaminika kabisa kwamba ubongo hautarudi kwenye fahamu. Ila mlango huu unafunguka upande mmoja. N20 ikiwepo haina maana kwamba ataamka. Ina maana tu kwamba barabara ya kwanza haijakatika. Nimesikia watu wakiyachanganya haya mawili mbele ya familia, na ni kosa lenye maumivu. Pia hakuna daktari makini anayeamua kwa wimbi hilo peke yake: huliweka pamoja na macho yanavyoitika kwa mwanga, EEG, picha, na siku zilizopita.

Kwenye upasuaji wa kunyoosha uti wa mgongo uliopinda, kipimo hukaa kazini saa zote. Zamani madaktari walimwamsha mgonjwa katikati ya upasuaji wakamwambia achezeshe vidole vya miguu, kisha wakamlaza tena. Kama havikucheza, vyuma vililegezwa. Tangu miaka ya 1970 neva za mguu zikawa zinaguswa kwa umeme muda wote na mawimbi yake kuangaliwa kichwani. Kanuni ya makadirio inayotumika: wimbi likipungua nusu, au likichelewa kwa asilimia 10, mpasuaji anaambiwa asimame. Lakini hapa pana jambo lililogharimu miguu ya watu kabla halijaeleweka vizuri. Njia ya hisi hupanda nyuma ya uti wa mgongo, na njia ya mwendo hushuka sehemu nyingine, yenye mishipa mingine ya damu. Mawimbi ya hisi yanaweza kubaki mazuri mpaka mwisho, na mgonjwa akaamka hawezi kusogeza mguu. Kwa hiyo siku hizi hupimwa njia zote mbili: hisi kutoka mguuni kwenda kichwani, na mwendo kutoka kichwani kwenda mguuni. Na daktari wa usingizi naye inabidi akubaliane na mpimaji mapema, maana dawa za usingizi za kuvuta huyafifisha mawimbi kuliko zile za mshipani.

Njia hiyo ya pili, ya kutoka kichwani kushuka, ndiyo iliyotumika kwa wale wagonjwa wawili wa Zaire. Mwaka 1980 Merton na Morton waliweza kuuamsha ubongo wa mtu aliye macho kwa umeme kupitia fuvu. Ulifanya kazi, na uliuma. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake wa Sheffield wakatumia sumaku: mkondo mkubwa unapita ghafla kwenye koili, sumaku inavuka mfupa bila kuumiza, na ndani ya ubongo inazua mkondo mdogo. Misuli ya mkono inaruka. Kwa mwenye konzo hairuki, na hilo lilisaidia kuonyesha kwamba kilichoumia ni neva za juu za mwendo, zile zinazotoka kwenye ubongo kushuka utini.

Konzo inatuhusu. Trolli aliieleza mwaka 1938 huko Kwango, Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1981 ilizuka Nampula, Msumbiji. Na mwaka 1990 Howlett na wenzake walichapisha habari za mlipuko wilayani Tarime, Tanzania. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, wakati wa ukame au vita, watu wanapokula muhogo mchungu uliofupishiwa siku za kulowekwa, na kitoweo hakuna. Muhogo huo hutoa sayanidi, na mwili huhitaji protini zenye salfa ili kuitoa. Kipimo cha miitiko hakikugundua hayo. Yaligunduliwa kwa kuuliza watu walikula nini na kwa kupima mkojo na unga. Wimbi husema wapi njia imekatika na ujumbe umechelewa kiasi gani. Nani kaikata, halijui. N20 iliyochelewa kwa upungufu wa vitamini B12 haina alama ya kuitofautisha na iliyochelewa kwa kifua kikuu kilichobana uti wa mgongo.

Wastani nao una uongo wake. Unadhani kila mwitiko ulikuwa sawa na mwenzake. Kwa N20 dhana hiyo inashikilia vizuri. Kwa mawimbi ya baadaye, yale yanayohusu kufikiri, inalegea. Mfano ni P300, iliyoelezwa na Samuel Sutton na wenzake mwaka 1965: mtu asiyejua kitakachofuata hutoa wimbi kubwa karibu milisekunde 300 baada ya kitu kisichotarajiwa. Lakini ubongo huchoka, huzoea, huwaza chakula cha mchana. Mara hujibu kwenye 300, mara kwenye 380. Ukichukua wastani unapata mlima mpana na mfupi ambao pengine haukuwahi kutokea hata mara moja. Nawaonea shaka wanaouza wimbi hili kama kipimo cha uongo.

Ukiandikiwa kipimo cha aina hii, kuna mambo madogo ambayo karatasi ya miadi mara nyingi haitaji. Osha nywele usiku uliotangulia na usipake mafuta. Kama umesuka au umeshonea, uliza kabla hujatoka nyumbani, maana elektrodi lazima iguse ngozi, na kufumua nywele za saa sita kwenye korido ya hospitali si jambo la kumtakia mtu. Njoo na miwani yako kama ni kipimo cha macho. Miraba yenye ukungu huchelewesha wimbi hata la jicho lisilo na ugonjwa. Vaa joto, kwa sababu mkono wa baridi huendesha ujumbe polepole, na waambie urefu wako, maana neva ya mtu mrefu ina safari ndefu. Na kama ni mtoto anayepelekwa kupimwa masikio, kazi yako njiani ni moja: asilale kwenye basi.